Kupima Kundi la Damu kwa Kigae: Namna ya Kusoma Sukari za Chembe Nyekundu

Anayepima kundi la damu la ABO huwa anatafuta minyororo ya sukari iliyoota juu ya utando wa chembe nyekundu. Karibu kila mtu ana mnyororo wa msingi uitwao H. Wa kundi A huongezewa asetilgalaktosamini mwishoni, wa B huongezewa galaktosi, wa AB huwa na zote mbili, na wa O hubaki na H peke yake. Tofauti hiyo ndogo inatosha kwa kingamwili kuangamiza damu ngeni.

Kabla ya yote, linganisha jina la mgonjwa kwenye chupa na kwenye fomu, maana hapo ndipo makosa ya kuua huanzia. Kisha weka kwenye kigae cheupe kikavu tone la anti-A (kingamwili inayoshikanisha chembe zenye sukari ya A), ambayo kwa kawaida ni ya buluu, la anti-B ya njano, inayoshikanisha zenye B, na la anti-D isiyo na rangi, inayopima Rh, yaani chanya au hasi. Ongeza tone la damu kwenye kila moja, changanya kwa vijiti tofauti, halafu uinamishe kigae huku na huku taratibu kwa dakika 2. Chembe zikishikana, utaona punje nyekundu zikijitenga na majimaji yanayong'aa. Zisiposhikana, mchanganyiko hubaki laini. Usisome uliokaukia, hasa chumba kikiwa na joto, kwa sababu kingo zilizokauka huonekana kama punje. Anti-D yenyewe hutambua protini, wala si sukari.

Thibitisha jibu kwa kupima upande wa pili: changanya majimaji ya damu hiyo na chembe za A, B na O zinazojulikana. Karl Landsteiner aligundua makundi haya huko Vienna mwaka 1901 kwa kuchanganya hivyo hivyo. Kwa mtoto mchanga kipimo hiki cha upande wa pili hakifai, kwani kingamwili zake mwenyewe huanza kujengeka miezi michache baada ya kuzaliwa, anapokutana na bakteria wenye sukari zinazofanana na hizo.

Wengi huziruka chembe za O, na mimi naona ni uzembe. Mtu wa kundi adimu la Bombay, lililoelezwa mwaka 1952, hana hata H. Kwenye kigae huonekana O, lakini majimaji yake hushikanisha chembe za O pia. Ukikuta hivyo, usimpe damu ya O: rudia kipimo, kisha peleka sampuli kwenye maabara ya rufaa.