Jinsi ya kuandika seting za ap mtu azielewe bila kuuliza

Wadau mnaotengeneza ap, leo tuongelee yale maneno yanayokaa pembeni ya swichi kwenye seting. Mfano wetu ni ap ya kurekodi mauzo ya dagaa, watumiaji ni wafanyabiashara wa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, watu wenye mzigo na wateja wanawasubiri.

1. Anza kwa kuandika sentensi nzima ya kinachotokea swichi ikiwashwa, alafu ndo ukate. "Ikiwashwa, rekodi zinajituma zenyewe kila simu ikipata intaneti" inabaki "Rekodi zijitume intaneti ikipatikana". Ukiandika "Usawazishaji otomatiki" umejiandikia wewe na programa mwenzako, mama wa dagaa hujamwambia kitu.

2. Toa ukanushi wote. Hapa ndo watu wanapotea kabisa. Swichi imeandikwa "Usitumie bando kupakia picha" na imezimwa, sasa bando linaliwa au haliliwi? Linaliwa, ila mtu yuko kwenye feri ya Ukerewe na MB zinakaribia kuisha, hesabu ya kuzima kitu kinachosema usitumie ataipiga saa ngapi? Andika "Tumia bando kupakia picha", akizima halitumiki, basi.

3. Jiulize, ikizimwa inakuwaje? "Pima kwa kilo" ikizimwa inapima kwa nini, debe, ndoo au gunia? Kama jibu halionekani hapohapo achana na swichi, weka "Kipimo cha mauzo" na chini yake machaguo yote matatu manne mtu achague mwenyewe.

4. Namba isikae peke yake. "Funga ap baada ya 5", weka dakika.

5. Seting inayofuta vitu ipe heshima yake. "Futa rekodi za zamani", zamani ya lini? Humo ndani kuna madeni ya watu jamani. Andika "Futa rekodi zilizozidi siku 90" na mstari mdogo chini: "Zikifutwa hazirudi. Madeni ambayo hayajalipwa yanabaki." Na kweli yabaki, hakikisha kwenye code ya ap.

6. Mpe simu mtu wa sokoni, kabla hajagusa muulize "ukizima hii kitatokea nini?" alafu nyamaza. Akikosea usimweleweshe, badilisha maneno, kisha ukamuulize mwingine ambaye hajaiona.