Namna ya kuwasomea vijana "March"

Riwaya hii ya picha kuhusu maisha ya John Lewis, mpigania haki za Wamarekani weusi, iliyoandikwa na Lewis mwenyewe pamoja na Andrew Aydin na kuchorwa na Nate Powell, haitaki pupa. Darasani kwangu tunatazama kwanza picha za ukurasa mzima, ndipo tunasoma maneno.

Anza na juzuu ya kwanza, ya 2013. John mdogo anawahubiria kuku wa kwao Alabama, na watoto humpenda papo hapo.

Juzuu ya tatu ndiyo nzito. Mkifika maandamano ya daraja la Selma, Alabama, Machi 7, 1965, punguza mwendo kabisa: askari, virungu, moshi wa mabomu ya machozi, vyote kwa wino mweusi na kijivu. Waulize waandamanaji walidai nini. Wakinyamaza, wasubiri. Walidai haki ya Wamarekani weusi ya kupiga kura. Sheria ya kulinda haki hiyo ilisainiwa Agosti mwaka uleule.