Ukitaka kuwa fundi lipu, anzia kwenye maji na mchanga

Miaka miwili ya mwanzo sikushika mwiko. Nilikuwa saidia fundi kwenye nyumba za Chanika na Kivule, huku pembeni mwa Dar es Salaam: nachota maji, nachekecha mchanga, nabeba karai la udongo (ndivyo tunavyouita mchanganyiko wa saruji) hadi juu ya jukwaa. Leo naishi kwa lipu na nina vijana wawili ninaowafundisha. Kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia aanzie hapo hapo. Kurusha udongo ukutani mkono unazoea ndani ya miezi michache. Kujua kwa nini lipu inashika au inabanduka kunachukua muda zaidi, na ndiko kunakokufanya uitwe tena.

Mchanga kwanza. Chukua kidogo kiganjani, usugue, kisha umwage. Kiganja kikibaki na tope, mchanga huo utakupasulia ukuta. Ukiwa na shaka, utie kwenye chupa ya maji ya plastiki, jaza maji, tikisa, uache utulie: mchanga utakaa chini na tope litajipanga juu yake, utaliona kwa macho. Mimi huwa nalamba pia. Ukiwa na ladha ya chumvi naukataa, hata kama lori limeshamwaga, kwa sababu chumvi itatoka ukutani kama unga mweupe na rangi haitakaa.

Kwa lipu ya ndani nachanganya saruji 1 kwa mchanga 5, na napima kwa ndoo. Ukihesabu makoleo, koleo la asubuhi na koleo la saa tisa mchana si sawa, mtu amechoka. Mfuko wa kilo 50 unakula karibu ndoo 9 za lita 20. Changanya vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo utie maji. Ukishatia maji, hakikisha umeumaliza ndani ya saa moja hivi. Udongo ulioanza kukaza usiuongezee maji ili ulainike. Umeshakufa huo.

Sasa ukuta wenyewe. Tofali za saruji zilizopigwa na jua zinafyonza maji kwa kasi, na saruji iliyonyang'anywa maji haikomai. Hili nililijifunza kwa hasara. Kazi ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa vyumba vinne vya mwalimu mmoja. Nilikuwa na haraka ya kumaliza, nikapiga ukuta wa magharibi saa nane mchana bila kuumwagia maji. Wiki ya pili akaniita. Nikagonga kwa mpini wa mwiko: sehemu iliyoshika ilitoa mlio mzito, kama unagonga jiwe, lakini katikati ya ukuta palilia tupu, kama debe. Nikabandua kwa patasi kipande cha ukubwa wa mlango, kikatoka kizima, na nyuma yake tofali lilikuwa kavu na vumbi juu yake. Nilirudia ukuta ule kwa saruji niliyonunua mwenyewe. Tangu siku hiyo nasugua vumbi kwa brashi ngumu, namwagia maji jioni, na asubuhi narudia kidogo. Ukuta uwe na unyevu, usiwe unachuruzika.

Kabla ya kupiga, weka alama. Bandika kibonge cha udongo juu karibu na kila pembe, ukandamizie kipande cha kigae. Shusha timazi (uzi wenye kitu kizito mwishoni, unaoonyesha wima), uweke vya chini vilingane navyo, kisha vuta uzi kutoka upande hadi upande na uongeze vya katikati, kila futi 5, ili rula ya futi 6 ivifikie. Unganisha cha juu na cha chini kwa mkanda wa udongo, subiri ukaze kidogo, jaza katikati, vuta rula kutoka chini kwenda juu ukiichezesha kushoto na kulia. Unene wa milimita 15 unatosha. Ukuta ukiwa umepinda sana, piga mara mbili, usirundike kwa mara moja. Na usianze kabla fundi umeme na fundi bomba hawajamaliza kuchimbia mabomba yao, maana watakuja kukata lipu yako na lawama itakuwa yako.

Saruji mbichi inaunguza ngozi. Vaa glavu na gambuti, na udongo ukikurukia jichoni osha papo hapo kwa maji mengi safi.

Kuhusu bei, acha kukadiria kwa chumba. Pima. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye ukuta wa mita 3 kina mita 39 za mraba, na ukitoa mlango na dirisha unabaki na kama 35. Mfuko unatoa karibu mita 10, kwa hiyo mwambie mwenye nyumba alete minne. Akiona hesabu kwenye karatasi, hata mazungumzo ya hela yanakuwa ya heshima. Ukishakomaa, nenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi: wanapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa cheti, na wakandarasi wengine hawakupokei bila karatasi hiyo.

Mapatano yangu huwa na sehemu ya mwisho ya malipo inayosubiri. Kwa siku 7 ukuta unamwagiliwa asubuhi na jioni, na namwachia mmoja wa vijana wangu kazi hiyo, simwachii mwenye nyumba. Siku ya 8 naenda na mwiko wangu, nagonga kuta zote yeye akiwa amesimama pembeni anasikiliza, ndipo ananilipa kilichobaki.