SOMO: Jinsi ya kushindwa urais wa Marekani, hatua kwa hatua

Wakuu habari za mchana. Masomo ya kushinda yamejaa kila kona, leo nawapa la kushindwa, na mifano yote ni ya watu waliobwagwa kweli kweli.

Hatua ya 1: pigwa nyumbani. Kupoteza jimbo la ugenini kila mtu anaweza, ufundi ni kunyimwa kura na waliokujua tangu mdogo. Al Gore 2000 alikosa Tennessee, jimbo lililompeleka Seneti yeye na baba yake kabla yake, na angelichukua hilo tu basi Florida, alikokosa kwa kura 537, isingekuwa na kazi yoyote. McGovern 1972 hata South Dakota ya kwao walimnyima, nchi nzima akaambulia Massachusetts na jiji la Washington. Mondale 1984 angalau Minnesota walimwonea huruma, tena kwa kura zisizofika 4,000, akamaliza na kura za wajumbe 13 dhidi ya 525 za Reagan (kule kila jimbo lina wajumbe wake, na hao ndio wanaomchagua rais).

Hatua ya 2: tafuta picha. Hapa tukae kidogo maana bingwa ni mmoja tu, Michael Dukakis, 1988. Wapinzani walikuwa wanamsema ni laini kwenye mambo ya ulinzi, kwahiyo watu wake wakaona dawa ni kumpandisha kwenye kifaru huko Michigan. Wazo lenyewe si baya eti. Sasa akavishwa likofia la wanajeshi likammeza kichwa, kwa mbele limeandikwa jina lake kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza, afu kifaru kinazunguka yeye anatabasamu na kunyoosha kidole, waandishi wanaangalia wanakufa mbavu. Timu ya mpinzani wake, Bush mkubwa, wala haikuhangaika kutunga kitu, wakachukua video ileile wakaifanya tangazo lao. Bush akabeba majimbo 40.

Hatua ya 3: waamini wanaokwambia umeshapita. 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, wakatangaza Alf Landon anamtoa rais Roosevelt. Landon akapata Maine na Vermont basi, kura 8 za wajumbe kwa 523, na Kansas ya kwao ikaenda (rudi hatua ya 1). Kumbe majina mengi walitoa kwenye orodha za wenye simu na magari, kipindi ambacho wengine wanatafuta mkate. Dewey 1948 yeye alishinda kabisa, ila kwenye ukurasa wa mbele wa Chicago Daily Tribune tu, na Truman aliyeshinda kwenye kura akapigwa picha amelinyanyua gazeti hilo anacheka.

Hatua ya 4: rudia. Henry Clay 1824, 1832, 1844. William Jennings Bryan 1896, 1900, 1908. Eugene Debs aligombea mara tano, ya mwisho 1920 akiwa gerezani Atlanta, na bado alipata kura zaidi ya laki tisa. Huyo mimi namvulia kofia.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, Hillary 2016 si alipata kura nyingi kuliko mshindi? Anahesabika?
Anahesabika, tena yupo daraja la juu. Karibu milioni 2.9 zaidi, lakini kule hesabu ni za wajumbe wa majimbo, ukikosa 270 hizo nyingine ni za kujifariji.

Na aliyeshindwa akarudi akashinda?
Amefeli somo. Nixon alianza vizuri sana, kapigwa na Kennedy 1960, kapigwa ugavana California 1962, akawaaga waandishi kwa hasira kwamba hawatampata tena wa kumsukuma, 1968 kaharibu kila kitu, kashinda urais. Cleveland na Trump nao walishakuwa marais, wakabwagwa, wakarudi.

Kuna aliyekufa katikati ya uchaguzi?
Horace Greeley, 1872. Mke wake alifariki siku chache kabla ya kura, yeye akashindwa na Grant, na kabla wajumbe hawajapiga zao naye akafariki. Watatu bado walimpigia marehemu, Kongresi ikakataa kuzihesabu. Hilo hata mimi silichekei.

Mbona hujagusa wa kwetu?
Mada ni Marekani mkuu, usinitafutie kesi.

Baada ya kushindwa hawa wanaishije?
Inategemea dada. Bryan alikuja kuwa waziri wa mambo ya nje, Gore kachukua Nobel ya amani 2007, Dukakis karudi kufundisha chuo. Landon aliishi miaka 100, Reagan akiwa rais akaenda kwake Topeka kumpongeza siku ya kuzaliwa. Bob Dole wa 1996 alitokea kwenye runinga kuongelea dawa za nguvu za kiume, Viagra hiyo hiyo unayoijua, na hapo kweli taifa zima lilimsikiliza.