Somo: Soma namba za lenzi kabla hujatoa hela

Wakuu, wengi wanaouliza "ninunue lenzi gani" tayari wanayo 18-55mm iliyokuja na kamera, na hawajawahi kusoma kilichoandikwa mbele yake. Tuanzie hapo.

1. Milimita. Namba ndogo inaona eneo pana, namba kubwa inavuta. 18mm inaingiza ukoo mzima kwenye sebule ndogo. 200mm inamleta bwana harusi karibu hata ukiwa nyuma ya ukumbi. Zikiandikwa namba mbili, hiyo ni zumu. Ikiwa moja tu, haivuti, utasogea kwa miguu. (Sura ya bibi harusi usiipige kwa 18mm. Itabidi umsogelee mno, na pua itatangulia.)

2. Namba ya f. Picha nyingi za ukumbini huharibikia hapa. Hii inaonyesha tundu la kuingizia mwanga linafunguka kiasi gani, na kadiri namba inavyopungua ndivyo tundu linavyopanuka. 18-55mm nyingi zimeandikwa 3.5-5.6, maana yake ukivuta hadi 55 huwezi kufungua zaidi ya 5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Kwa hiyo shata (pazia linalofunguka na kufunga kupitisha mwanga) inaenda kasi, maharusi wanacheza na bado wanatoka bila ukungu, na mapambo ya nyuma yanafifia vizuri.

3. Sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Kwenye Canon zenye sensa ndogo iitwayo APS-C zidisha milimita kwa 1.6, Nikon za aina hiyo kwa 1.5. 50mm kwenye Canon hizo inaona kama 80mm: tamu kwa sura, finyu kwa sebule.

4. Kagua picha zako za zamani. Kila faili limehifadhi milimita ulizotumia. Nyingi zikiwa 18, tafuta lenzi pana kama 10-18mm. Zikiwa 55 na bado unakata pembeni, unahitaji ya kuvuta. Makro (lenzi za kupiga vitu vidogo kwa karibu sana) waachie wanaopiga pete na wadudu.

MASWALI

– Mkuu, nina Nikon D3200. Nimepata 50mm f/1.8D iliyotumika, bei poa. Nichukue?
Itapiga, ila fokasi (kulenga ili picha isiwe na ukungu) utazungusha kwa mkono. Kamera hiyo haina mota ya fokasi, na lenzi hiyo ya D haina ya kwake. Tafuta iliyoandikwa AF-S, hiyo ina mota yake.

– Napiga mechi za mchana. 50 itatosha?
Hapana, dada. Chukua 55-250mm au 70-300mm. Juani f/5.6 haikusumbui, shata tu isishuke chini ya 1/500 ya sekunde.

– Niko Tanga, lenzi imeota utando ndani.
Fangasi hao, wanapenda unyevu wa pwani. Hifadhi lenzi zako kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Hiyo iliyoota mpelekee fundi, ila uliza bei kwanza: kama ni 18-55mm, huenda nyingine iliyotumika ikawa nafuu kuliko kuisafisha.