Ziache siga kwenye boksi lake la mbao
Nimejifunza hili baada ya kuzihamisha zangu na kuziona zikikauka ncha. Ukinunua siga, zile sigara nene za majani ya tumbaku yaliyoviringishwa, kwa boksi zima la mbao, ziache humohumo. Funga kifuniko, kisha liweke boksi lote ndani ya kontena la plastiki lisilopitisha hewa, pamoja na pakiti ya kudhibiti unyevu ya asilimia 62 au 65. Pakiti ikae nje ya boksi. Maboksi mengi hutengenezwa kwa Cedrela odorata, mti wa jamii moja na mkangazi. Mbao yake hunyonya unyevu polepole na kuuachia polepole, kwa hiyo siga hazishtuki hali ya hewa ikibadilika, na harufu ya tumbaku haipotei ovyo. Maboksi ya Kuba hupigwa muhuri wa mwezi na mwaka kwa chini. Usipouona, andika tarehe kwa penseli. Halafu liache kabisa! Kulifungua kila wiki ni kuharibu kazi yote.

Njia hii haifai kama boksi ni la kadibodi, wala kwenye chumba chenye joto. Nyuzi 18 hadi 20 zinatosha. Zikipita 24 hivi, mayai ya mdudu wa tumbaku huweza kuanguliwa. Ukiona tundu dogo kama la pini na unga wa kahawia chini ya boksi, zifunge siga zote kwenye mfuko, zikae friza siku tatu, kisha friji siku moja kabla ya kuzirudisha.