Kutengeneza paikriti na kuipima kama walivyofanya wahandisi wa meli ya barafu

Mwaka 1942 mvumbuzi Geoffrey Pyke, raia aliyefanya kazi chini ya Louis Mountbatten, mkuu wa Operesheni za Pamoja za Uingereza, alipendekeza meli ya kubeba ndege iundwe kwa barafu. Ingekaa katikati ya Atlantiki, kule ambako ndege za doria kutoka nchi kavu hazikufika na nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za mizigo. Mradi ukapewa jina la nabii Habakuki, na barafu ikachanganywa na unga wa mbao ili iwe imara: mchanganyiko huo ndio paikriti. Mchoro wake uliishia kuwa chombo cha urefu wa mita 600 hivi, kuta zenye unene wa mita 12 na uzito wa zaidi ya tani milioni 2. Hakikujengwa. Wengi husema kingeyeyuka, na hapo ndipo wanapokosea: kuyeyuka kulikuwa na dawa. Kilichowatoa jasho ni kunepa, na jambo hilo unaweza kulipima mwenyewe ukiwa na friza, mizani ya jikoni na unga wa mbao.

Hatua ya 1: Unga wa mbao

Chukua unga laini wa msumeno, si maranda ya randa. Maranda ni mapana, hulala tabaka juu ya tabaka, na mche (kipande kirefu cha mchanganyiko ulioganda) hupasuka kwa kufuata tabaka hizo. Epuka unga wa mbao za kubandikwa kwa gundi (MDF na jamaa zake): gundi huzuia maji yasiingie kwenye nyuzi, na vumbi lake ni baya kwa mapafu. Vaa barakoa hata kwa mbao za kawaida.

Kisha pima unyevu, kwa kuwa hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Pima gramu 100 za unga, uukaushe kwenye oveni ya moto mdogo (nyuzi 100 hivi) hadi uzito usishuke tena. Ukibaki na gramu 70, unga wako una maji asilimia 30.

Hatua ya 2: Mchanganyiko

Uwiano wa asili ni asilimia 14 mbao na asilimia 86 maji, kwa uzito, si kwa ujazo. Kwa kilo 1 unahitaji gramu 140 za unga mkavu na gramu 860 za maji. Kama unga una unyevu wa asilimia 30 kama huo wa juu, weka gramu 200 za unga na gramu 800 za maji. Hesabu ni ile ile.

Mimina maji ya moto juu ya unga, koroga, funika, uache usiku kucha. Unga usioloa vizuri huelea, na ukiugandisha hivyo utapata mche wenye mbao juu na barafu tupu chini. Upande huo wa chini ndio unaovutwa mzigo unaponing'inia, kwa hiyo mche utavunjika karibu sawa na barafu ya kawaida, nawe utadhani paikriti ni uongo. Mchanganyiko ulioiva unafanana na uji mzito, na maji kidogo tu yanajitenga juu.

Hatua ya 3: Kalibu

Tengeneza kalibu za mbao zenye nafasi ya ndani ya sentimita 30 × 3 × 2, uzitandike nailoni. Kila moja inachukua takriban gramu 176, hivyo kilo 1 inatosha miche mitano. Shindilia kwa kijiti ili hewa itoke, hasa pembeni. Usijaze hadi ukingoni, maana maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Tengeneza pia miche mitatu ya maji matupu yaliyochemshwa. Kuchemsha hupunguza viputo. Gandisha kwa saa 24 kwenye nyuzi −18.

Hatua ya 4: Kuvunja

Weka mche juu ya egemeo mbili zilizoachana sentimita 24, upande wa sentimita 3 ukiwa umelala. Ukiusimamisha upande wa pili, unaongeza nguvu kwa mara moja na nusu bila kujua. Ning'iniza ndoo katikati kwa mkanda mpana wa kitambaa. Waya hukata barafu na kuanzisha ufa. Ongeza maji nusu lita kwa nusu lita, ukihesabu na uzito wa ndoo. Fanya haraka: mche uliokaa nje dakika kumi si mche uleule.

Kwa vipimo hivi, kila kilo 1 ni sawa na mkazo wa megapaskali 0.29 kwenye uso wa chini. Barafu tupu huvunjika mara nyingi kati ya kilo 3 na 7, ghafla, kwa mlio. Paikriti nzuri huvuka kilo 10, nayo huonyesha ufa kabla ya kuachia, kwa sababu nyuzi za mbao hushikilia pande mbili za ufa. Vunja angalau miche mitatu ya kila aina, kwani barafu haitabiriki.

Hatua ya 5: Kuyeyuka

Acha kipande cha kila aina kwenye sahani mezani. Paikriti hujivika manyoya ya mbao mbichi yanayozuia joto. Usiyapanguse.

Hatua ya 6: Kunepa

Hiki ndicho kipimo chenyewe. Chukua miche miwili ya paikriti iliyobaki, uiweke juu ya egemeo zilezile na uning'inize kilo 2 kwa kila mmoja. Mmoja ukae ndani ya friza kwenye nyuzi −18, wa pili mahali pa nyuzi −5 hivi, kama kisanduku cha barafu cha friji ndogo. Kila siku, kwa wiki nzima, nyoosha uzi kutoka ncha hadi ncha na upime kwa rula katikati mche umeshuka milimita ngapi. Tumia kipimajoto: friza inayofunguliwa kila mara hupanda joto, nayo itakudanganya.

Mche wa −5 utanepa zaidi, ingawa mzigo ni mdogo sana kuliko ule wa kuuvunja. Mwanasayansi Max Perutz, aliyepima paikriti kwenye chumba cha baridi chini ya soko la nyama la Smithfield, London, aliona hali hiyohiyo: bila kupozwa hadi nyuzi −16, meli ingelegea kwa uzito wake yenyewe. Hivyo mchoro ukahitaji mitambo ya baridi, mabomba ya kusambaza baridi mwilini mwote na kihami joto cha nje, na chuma ambacho mradi ulikusudia kukiokoa kikarudi mlangoni. Mfano wa tani 1,000 kwenye Ziwa Patricia, Kanada, mwaka 1943, uliwekwa baridi kwa mota ya nguvu-farasi moja tu, lakini huo haukubeba ndege. Ongeza mbao: kwa uwiano wa Hatua ya 2, kila tani milioni 1 za paikriti hula tani 140,000. Wakati huo Ureno ilikwisharuhusu viwanja vya ndege vya Azores, visiwa vyake vya Atlantiki, vitumike, na ndege za masafa marefu zilikuwa zinaongezeka.